Kiunzi na Matini Katika Vidirisha Viwili: Tajiriba ya Mwandishi wa Tasnifu

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uandishi wa kitaaluma hufundishwa mapema kwamba kazi yoyote ndefu huanza na kiunzi. Kiunzi ni orodha ya vichwa na vijichwa iliyopangwa kwa ngazi, ikionyesha jambo lipi litangulie, lipi lifuate, na lipi liwe chini ya jingine. Mwanafunzi hukiandika katika ukurasa mmoja au miwili na kukiambatanisha na pendekezo lake la utafiti. Msimamizi hukisahihisha kwa kalamu, kamati hukipitisha, na tangu siku hiyo kiunzi hulala katika jalada. Kinachoendelea kukua ni matini peke yake. Baada ya miaka miwili au mitatu, viwili hivyo vikiwekwa pamoja, huonekana kama ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali: sura zao zinafanana lakini wao wenyewe hawajuani.

Makala haya yanajadili jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la kiufundi tu. Jambo lenyewe ni uwezo wa programu za kuhariri matini wa kuonyesha kiunzi na matini yake kwa wakati mmoja, katika vidirisha viwili au zaidi vya kioo kimoja cha kompyuta, na kumruhusu mwandishi kuhariri katika kidirisha chochote akitakacho. Hoja kuu ni kwamba uwezo huo unagusa swali la zamani la uandishi: je, mpango wa kazi na kazi yenyewe ni vitu viwili, au ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa umbali tofauti? Hoja hiyo inajengwa juu ya tajiriba ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu katika fasihi simulizi, ambaye hapa ataitwa mtafiti tu, na juu ya hasara aliyoipata ambayo haikuweza kufidiwa.

2.0 Mtafiti na Faili Lake

Mtafiti alikusanya hadithi kutoka kwa watambaji kumi na mmoja katika vijiji vya wilaya ya Pangani. Alirekodi sauti, akanukuu maneno, akaandika maelezo ya utendaji: mahali, hadhira, ishara za mikono, vicheko na vimya. Baada ya miezi minane alirudi chuoni akiwa na data nyingi kuliko alivyotarajia na kiunzi kilekile kilichopitishwa kabla hajaondoka.

Kama wenzake wengi, alianza kwa kugawa kazi katika mafaili: sura moja faili moja, na mtambaji mmoja faili moja. Utaratibu huo ulimchosha upesi. Kila alipotaka kulinganisha mtambaji wa pili na wa tisa alilazimika kufungua mafaili manne, na kila alipohamisha aya alisahau ilikotoka. Akaamua kuweka tasnifu nzima, pamoja na manukuu yote, katika faili moja, akitumia programu ya kuhariri matini inayoweza kukunja sehemu. Katika programu za aina hii mwandishi hukitia alama kila kichwa kulingana na ngazi yake. Kisha huweza kuamuru kwamba yaliyo chini ya kichwa yafichwe, ubaki mstari mmoja tu. Kurasa mia tatu hugeuka kuwa mistari thelathini. Kazi nzima hutoshea katika kioo kimoja, na mwandishi aliyekuwa amezama katika manukuu yake huiona kazi yake yote kwa mara ya kwanza.

Mtafiti aliupenda utaratibu huo, naye alikuwa na haki. Hakuwa tena na kiunzi kimoja katika jalada na matini nyingine katika kompyuta. Vichwa vya kiunzi vilikuwa ndivyo vichwa vya matini yenyewe. Akikihamisha kichwa kilichokunjwa, yote yaliyo chini yake yalihama nacho. Akibadili jina la kichwa, jina lilikuwa limebadilika katika tasnifu. Kwa wiki kadhaa alifanya kazi kwa furaha, akipandisha na kushusha vichwa kama mtu apangaye vyombo kabatini.

3.0 Mstari Mmoja Uliofutwa

Katika kiunzi chake, mtafiti alikuwa amempa kila mtambaji kijichwa kilichoitwa "Ziada". Alikusudia kuweka hapo mambo ambayo hayakunaswa na kinasasauti: mazungumzo ya njiani, maelezo yaliyotolewa baada ya hadithi kwisha, maswali ya watoto. Kati ya vijichwa kumi na kimoja, kumi vilibaki vitupu. Kimoja, cha mtambaji wa saba, kilikuwa kimejaa.

Mtambaji wa saba alikuwa mzee aliyewahi kuwa baharia wa majahazi. Alitamba hadithi moja kwa muda wa karibu saa mbili bila kupotea wala kurudia. Kinasasauti kilipozimwa, mtafiti alimwuliza vipi aliweza kuikumbuka safari yote ile. Mzee aliunyosha mkono wake wa kushoto na kumwonyesha. Kidole gumba chake kiligusa pingili za vidole vingine vinne, moja baada ya nyingine, kama wafanyavyo watu wengi wa pwani wanapohesabu uradi baada ya sala. Kila pingili, alieleza, ilikuwa kituo cha hadithi. Alivitaja vituo vyote, akataja ni kituo gani chenye wimbo, ni kipi kinachoweza kurukwa hadhira ikichoka, na ni kipi kisichorukwa kamwe. Usiku ule mtafiti aliyaandika maelezo yote moja kwa moja katika kompyuta, kurasa nne, chini ya kijichwa "Ziada".

Miezi kadhaa baadaye, akiwa chuoni, alikuwa akisafisha kiunzi chake. Faili lilikuwa limekunjwa. Aliona kijichwa "Ziada" chini ya mtambaji wa kwanza, akakifuta. Akakifuta cha wa pili, cha wa tatu, na kuendelea hadi cha kumi na moja. Mkono ulikwishazoea. Tofauti kati ya kijichwa kitupu na kijichwa kilichojaa ilikuwa vinukta vitatu mwishoni mwa mstari, ishara kwamba yapo maandishi yaliyofichwa, naye hakuitazama. Programu haikukosea. Iliagizwa kufuta kilichokuwa katika mstari ule, na kwa kanuni zake kichwa kilichokunjwa na yote yaliyomo ndani yake ni kitu kimoja. Mtafiti alihifadhi faili, akazima kompyuta, akaenda kulala akiwa ameridhika. Ijumaa iliyofuata alinakili faili katika kihifadhi chake cha akiba, kama alivyofanya kila Ijumaa, na nakala mpya ikakalia mahali pa ile ya zamani.

Wiki tatu zilipita. Alipoanza kuandika sehemu inayohusu kumbukumbu ya mtambaji, ambayo alitumaini ingekuwa mchango mkuu wa tasnifu yake, alitafuta maelezo ya mzee. Hakuyaona. Akaamuru programu itafute neno "pingili" katika faili zima. Programu ilijibu kwamba neno hilo halimo.

Alirudi Pangani kwa basi. Mzee alikuwa amekwisha kufariki miezi miwili kabla. Binti yake alimpokea, akamkaribisha barazani, akasikiliza kisa chote. Alizijua hadithi za baba yake, na nyingine angeweza kuzitamba mwenyewe. Lakini habari ya pingili hakuwa nayo. "Mwanangu," alimwambia, "vidole vyake tulikuwa tukiviona vikienda, lakini sisi tulidhani anavuta uradi."

4.0 Asili na Utendaji wa Vidirisha

Baada ya safari ile mtafiti alitaka kuelewa kwa nini alifuta asichokiona. Jibu la haraka lilikuwa uzembe, na hakulikana. Lakini jibu hilo halikumtosha. Wahenga walisema kwamba lisilokuwapo machoni, na moyoni halipo. Aliona kuwa kukunja matini kulimpa picha ya kazi nzima kwa gharama ya kumwondolea kazi yenyewe machoni. Alikuwa akichagua kati ya kuona kiunzi na kuona matini, wakati alichohitaji ni kuona vyote viwili kwa pamoja. Katika kusoma kwake aligundua kuwa haja hiyo ilikwishafikiriwa zamani na watu wengine.

Tarehe 9 Desemba 1968, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta uliofanyika San Francisco, Marekani, mhandisi Douglas Engelbart wa Stanford Research Institute alionyesha kwa dakika tisini mfumo ulioitwa NLS. Maonyesho hayo hukumbukwa zaidi kwa ajili ya kipanya kilichotumika hapo. Kwa mwandishi, jambo lililokuwa kubwa zaidi ni jingine. Engelbart alichukua orodha ya kawaida ya vitu vya kununua dukani, akaipanga kwa mafungu, akaonyesha kwamba orodha ileile inaweza kutazamwa kwa ngazi ya juu tu au kwa ngazi zake zote. Katika NLS matini ilikuwa na umbo lake, na mtazamo wa msomaji juu ya matini hiyo ulikuwa jambo la pembeni lililoweza kubadilishwa bila kuigusa matini. Utengano huo wa matini na mtazamo ndio msingi wa yote yaliyofuata. Mwaka 1983 programu ya ThinkTank, ya Dave Winer na wenzake, ilikifikisha kiunzi cha namna hiyo katika kompyuta ndogo za mezani.

Mfano ulio wazi zaidi wa kiunzi katika vidirisha vingi unapatikana katika Emacs, programu iliyoanza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, na ambayo Richard Stallman aliitoa upya mwaka 1985 kwa jina la GNU Emacs. Katika hali yake ya kiunzi, kichwa hutambulishwa kwa vinyota mwanzoni mwa mstari: kinyota kimoja kwa sura, viwili kwa sehemu, vitatu kwa kijisehemu. Kioo huweza kugawanywa mara mbili, kwa mlalo au kwa wima, na faili moja likaonekana pande zote mbili. Hata hivyo, mtumiaji mgeni hukutana hapo na jambo la kushangaza. Akikikunja kichwa katika kidirisha cha kushoto, hukunjika pia katika kile cha kulia. Sababu ni kwamba katika Emacs kuficha maandishi ni sifa ya bafa, yaani pahala maandishi yanapokaa katika kumbukumbu ya kompyuta. Si sifa ya kidirisha kinachoyaonyesha.

Dawa iliyobuniwa ni bafa tegemezi. Mwandishi huunda bafa ya pili isiyo na maandishi yake yenyewe, bali hushiriki yale yale ya bafa ya asili. Herufi ikiandikwa katika moja, huonekana papo hapo katika nyingine. Lakini kila moja ina kishale chake, na kila moja hukunja na kukunjua kivyake. Bafa tegemezi haina faili lake. Mtu akiihifadhi, kinachohifadhiwa ni bafa ya asili. Akiifunga, bafa ya asili haidhuriki, ilhali akiifunga ya asili, tegemezi nayo hutoweka. Mwandishi akitaka mitazamo mitatu au minne, huunda bafa tegemezi nyingine. Org mode, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanafalaki aliyefanya kazi Uholanzi, juu ya msingi wa kiunzi cha Emacs, ina amri ya kulitoa tawi moja la kiunzi na kulionyesha peke yake katika bafa tegemezi, huku kiunzi kizima kikibaki mahali pake.

Programu ya Vim ilichagua njia nyingine. Humo mikunjo ni mali ya kidirisha, wala si ya bafa. Kwa hiyo faili moja likifunguliwa katika vidirisha viwili, kimoja huweza kuonyesha vichwa vitupu na kingine matini nzima bila ya hatua yoyote ya ziada. Uwezo wa kukunja uliingia katika Vim kwa toleo la 6.0 la mwaka 2001. Mwanzilishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, ambaye alifariki mwaka 2023, ana uhusiano na sehemu hizi. Mwaka 1994 alijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akishughulikia maji na usafi. Kwa miaka mingi aliwaomba watumiaji wa programu yake, ambayo hutolewa bure, wakisaidie kituo hicho.

Wasomi wengi wa Kiswahili hawatumii programu hizo mbili. Wanatumia Microsoft Word, nayo haikosi uwezo wa karibu na huu. Mwandishi aliyevitia vichwa vyake mitindo ya vichwa, badala ya kuvikoleza wino tu, huweza kukigawa kidirisha cha waraka mara mbili na kuonyesha kiunzi juu na matini chini. Anayekoleza wino tu hujinyima uwezo huo, kwa kuwa mashine haiwezi kujua kwamba mstari mweusi ni kichwa.

5.0 Kuandika kwa Macho Mawili

Tangu hapo mtafiti alifanya kazi kwa vidirisha viwili. Upande wa kushoto aliweka kiunzi kilichokunjwa hadi ngazi ya pili. Upande wa kulia aliweka matini iliyokunjuliwa, mahali alipokuwa akiandika. Alijiwekea kanuni tatu. Ya kwanza, kidirisha cha kushoto ni cha kutazama, kuhamisha na kubadili majina, lakini si cha kufuta. Ya pili, kitakachofutwa kifutwe upande wa kulia, kikiwa wazi, baada ya kusomwa. Ya tatu, nakala ya akiba ipewe jina lenye tarehe yake, isikae kamwe juu ya nakala iliyotangulia.

Matokeo hayakuwa usalama peke yake. Wiki ya kwanza tu aliona jambo ambalo miaka miwili ya kufanya kazi kwa zamu, kiunzi leo na matini kesho, ilikuwa imemficha. Sura ya nne, upande wa kushoto, ilionyesha vichwa kumi na kimoja: Mtambaji wa Kwanza, Mtambaji wa Pili, hadi mwisho. Upande wa kulia, aya zilizokuwa chini ya vichwa hivyo hazikuwa zikizungumzia watambaji. Zilikuwa zikizungumzia wimbo katika hadithi, kisha kimya, kisha ishara za mikono, na kila mara zikirukia kwa mtambaji mwingine ili kupata mfano. Matini ilikwishaacha mpango wake zamani, ikawa na mpango mwingine ambao haukuwa umeandikwa popote. Alichofanya ni kuandika vichwa vipya vinne kulingana na kile ambacho matini ilikuwa tayari inakisema, na kuyagawa maelezo ya watambaji chini yake. Kazi ilichukua siku nne.

Mahali pengine kichwa kilisema "Dhima za Nyimbo", nazo aya zilizokuwa chini yake, zaidi ya nusu, zilihusu jinsi wimbo unavyompa mtambaji nafasi ya kukumbuka kinachofuata. Zamani angezikata aya hizo ili zitii kichwa kilichopitishwa na kamati. Sasa alikibadili kichwa, akamwandikia msimamizi wake kueleza sababu. Msimamizi alikubali, akaongeza swali moja gumu: kama wimbo ni pumziko la kumbukumbu, mbona mtambaji wa tisa, ambaye haimbi kabisa, hapotei? Swali hilo lilizaa sehemu nzima ya sura ya tano.

Kupanga ni kuchagua, kama isemwavyo, na vidirisha viwili humwonyesha mwandishi kile alichokichagua bila kujua kuwa anachagua. Lakini utaratibu huu una hatari zake, na si haki kuzinyamazia. Urahisi wa kuhamisha huvunja viungo vya maelezo. Mtafiti alikuta sentensi iliyosema "kama ilivyoelezwa hapo juu" ilhali maelezo yenyewe yalikwishahamia sura iliyofuata. Alikuta istilahi inayotumika katika sura ya pili na kufasiliwa katika sura ya nne. Kiunzi hakionyeshi makosa ya namna hii, kwa kuwa yamo ndani ya sentensi, na dawa yake ni kuisoma kazi yote kutoka mwanzo hadi mwisho kama atakavyoisoma mtahini. Hatari ya pili ni ya kujidanganya. Kiunzi kilichopangika vizuri hupendeza macho, na mwandishi aweza kukitengeneza juma zima, akipandisha hiki na kushusha kile, akaamini kwamba ameandika. Alipopitia nakala zake za akiba kwa tarehe, mtafiti aliona juma moja ambalo vichwa vilibadilika mara nyingi, na matini haikuongezeka hata aya moja.

Hatari ya tatu ni kuidhania mashine hekima isiyokuwa nayo. Vidirisha humwonyesha mwandishi kwamba kichwa na aya haviafikiani. Haviwezi kumwambia kipi kati ya viwili hivyo ndicho chenye makosa. Mara nyingine kichwa ndicho kilichokuwa na haki, na aya ndizo zilizopotea njia.

6.0 Pengo Lililobaki

Zile kurasa nne hazikupatikana. Mtafiti alikuwa na rekodi ya hadithi yenyewe, na aliisikiliza mara nyingi. Alikumbuka kwamba gumba lilianzia kidole kidogo. Alikumbuka kwamba vidole vilikuwa vinne, na kwa kuwa kila kidole kina pingili tatu, vituo vilikuwa kumi na viwili. Akiisikiliza rekodi kwa idadi hiyo akilini, aliweza kuigawa hadithi katika vituo kumi na viwili pasipo shida. Mgawanyo wake ulikuwa mzuri. Uliafikiana na mahali pa nyimbo, na ungependeza katika jedwali.

Hapo ndipo mtihani mkubwa wa tasnifu ulipokuwa. Jedwali lile lingeweza kuitwa "Vituo vya Mtambaji wa Saba", na hakuna mtahini ambaye angeweza kulipinga. Mzee hayupo, binti hakujua, na kurasa zilizofutwa hazisemi. Lakini mtafiti alifahamu kuwa kiunzi kile kilikuwa chake yeye, kilichotokana na kusikiliza, wala si cha mzee, kilichotangulia kutamba. Hakukumbuka ni kituo kipi kisichorukwa kamwe. Hilo, ambalo lilikuwa moyo wa maelezo ya mzee, lisingeweza kupatikana kwa kuhesabu. Alimweleza msimamizi wake yote, pamoja na namna alivyoyafuta maelezo. Walikubaliana kwamba mgawanyo uingie katika tasnifu kwa jina la uchanganuzi wa mtafiti, na kwamba sehemu ya mtambaji wa saba iseme wazi kuwa mtambaji alikuwa na mgawanyo wake mwenyewe, aliouhesabu kwa pingili za vidole, na kwamba maelezo yake yalipotea mikononi mwa mtafiti.

Aya hiyo ni fupi, na katika kiunzi haina kichwa chake. Watahini waliiuliza. Mmoja alitaka kujua kwa nini mtafiti ameungama kosa ambalo lisingegunduliwa. Alijibu kwamba atakayekwenda Pangani baada yake anapaswa kujua kuwa kitu hicho kilikuwapo, ili atazame vidole vya watambaji na si midomo yao tu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kiunzi na matini si vitu viwili, bali ni maandishi mamoja yanayotazamwa kwa umbali tofauti, na kwamba mwandishi huingia hatarini pale anapolazimika kuuacha mtazamo mmoja ili kuupata mwingine. Aliye na kiunzi peke yake hufuta asichokiona. Aliye na matini peke yake hujenga nyumba asiyoijua idadi ya vyumba. Programu zinazoonyesha vyote viwili katika vidirisha vinavyoharirika pamoja zinapunguza hatari hiyo, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu wangefaidika wakifundishwa matumizi yake mapema, kabla data hazijarundikana, sambamba na mbinu nyingine za utafiti. Wafundishwe pia kutia vichwa mitindo yake, kuweka nakala zenye tarehe, na kusoma kinachofutwa kabla ya kukifuta.

Inafaa pia kukumbuka kwamba jambo lililowashughulisha wahandisi wa mwaka 1968 na watunzi wa Emacs na Vim halikuwa geni katika sanaa ya masimulizi. Mzee wa Pangani alikuwa na hadithi mdomoni na kiunzi mkononi, vyote viwili kwa wakati mmoja, na kimoja kilipopungua kingine kilijua. Alijua pa kukunja hadhira ikichoka, na alijua pasipokunjwa. Mtafiti alijifunza hilo mara mbili: mara ya kwanza barazani kwa mzee, kwa kuambiwa, na mara ya pili mbele ya kioo, programu ilipomjibu kwamba neno alilolitafuta halimo. Kila msomi anayepanga kazi yake leo ana kijichwa fulani kilichokunjwa ambacho hajakifungua kwa muda mrefu. Heri akifungue na kukisoma wakati aliyempa maneno hayo angali hai na aweza kuulizwa tena.